Kabla Fatiha Haijasomwa Kizimkazi

Khabari ilinifikia Alkhamisi baada ya sala ya laasiri, na aliyeileta ni Bi Mize mwenyewe, shangazi yake Kidawa. Hakuingia dukani. Alisimama pale barazani, buibui kalikaza chini ya kidevu, akanambia kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya pampu:

"Shamsi, kesho wakitoka kusali Ijumaa wanasoma fatiha Kizimkazi. Borafya wa Makunduchi kamposa Kidawa na kashakubaliwa. Mie nshakwambia, nisije nikaulizwa siku ya Kiama."

Akenda zake. Mie nna gurudumu la mtu mkononi, nalizungusha nitazame lilipopinda. Nikalizungusha, nikalizungusha. Mpaka leo sijui lilikuwa la nani wala kama nililinyoosha.

Ngojeni niwaelezeni kidogo, naona nakimbilia mbele. Huu ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Mie fundi wa baiskeli, duka la Bwana Yusufali, Malindi, mwaka wangu wa kumi na moja pale. Bwana Yusufali ni Bohora, mtu wa kofia nyeupe yenye ukingo wa rangi ya dhahabu, hasemi sana na hacheki kabisa. Kidawa nlimjua alipoleta baiskeli ya mume wa shangazi yake, ina pancha. Msichana wa buibui anasukuma baiskeli ya kiume tokea mwisho wa mtaa, watu wote wanamtazama, yeye hamtazami mtu. Akanambia, "Fundi, usinambie nije kesho. Kesho shangazi hatonipa ruhusa." Nikaiziba palepale. Na baiskeli ile, siwaongopeeni, ikawa inapata pancha kila wiki. Mtaa ule hauna hata mwiba mmoja.

Yakenda hivyo mwaka mzima. Halafu baba yake, Mzee Simai, akasikia, akamwita arudi shamba. Akasema mtoto wake haolewi na mtu asiyejulikana kwao. Na kweli kwetu hakujulikani. Baba yangu alikuja kutoka Tabora kubeba mizigo bandarini, akafa mie mdogo. Bibi aliyenilea Jang'ombe naye akafa. Nikabaki mie na baiskeli za watu.

Siku arobaini Kidawa yuko Kizimkazi, na mie siku zote hizo sikufanya kitu. Hilo ndo linaloniuma hata leo nikilikumbuka. Lakini nifanye nini? Kwetu mtu hajiposei mwenyewe. Ukenda kwa baba wa mtu ukasema nimekuja kumtaka binti yako, utaonekana huna adabu, au mwendawazimu. Lazima awepo mtu mzima wa kukusemea, akae kwenye mkeka na wazee wenziwe. Mie sina. Na fatiha ya posa ikishasomwa, basi. Hakuna Muislamu wa kwenda kuposa juu ya posa ya mwenziwe.

"Shamsi," Bwana Yusufali akaniita kutoka ndani.

"Naam."

"Hilo gurudumu limekosa nini?"

"Halijakosa kitu, Bwana."

"Basi liwache." Akatoka, akakaa juu ya kasha la pedeli. Kumbe kayasikia yote. "Wewe huna mzee?"

"Sina."

"Mie nna miaka sitini na tatu. Haitoshi?"

Nikamtazama. Sijui nicheke au nini. "Bwana Yusufali, wewe ni Muhindi."

"Nshajua. Najiona kwenye kioo kila asubuhi."

"Watasema Shamsi hana kwao mpaka kaazima Muhindi."

"Waseme. Kuniazima ni tabu, wengi wameshindwa." Akafuta mikono na kitambaa. "Gari ya shamba inaondoka saa ngapi?"

"Zinakuja mjini asubuhi na kurudi mchana. Tukifika kwa gari, watu washasoma fatiha na washakula."

"Basi chukua ile baiskeli nyeusi kubwa. Tia tairi mpya nyuma. Na keria uifunge mto, mie mifupa yangu si ya chuma."

Tukatoka baada ya sala ya alfajiri, mie napiga pedeli, yeye nyuma kwenye keria, kanzu kaikunja magotini, mkono mmoja umeshika tandiko na mwengine umeshika kofia. Mjini watu walisimama kutazama. Mwana mmoja wa Jang'ombe akatupigia kelele, "Shamsi, unampeleka tajiri wako kumuuza?" Bwana Yusufali akamjibu bila ya kugeuka, "Kaninunua mwenyewe, sasa anajuta."

Hadi Tunguu tulikwenda vizuri. Nchi tambarare, mihogo kulia, mihogo kushoto, upepo wa asubuhi. Nikajiambia tutafika mapema nipate hata kuoga. Unguja Ukuu tukasimama kunywa maji ya dafu. Bwana Yusufali akataka kujua ni kweli kwamba hapa palikuwa mji kabla ya mji wetu. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia choroko akamuonesha shanga alizookota shambani, za zamani hizo, ndogo kama punje za mtama. Wakakaa chini wanazitazama. Mie nimesimama nimeshika baiskeli, jua linapanda, roho inanipanda nayo.

"Bwana, tutachelewa."

"Watu waliovaa shanga hizi walikuwa na haraka pia," akanambia. "Haya, twende."

Baada ya Kitogani tukashika njia ya kusini, na hapo ndo ikaanza kazi. Njia ya kifusi, mawe ya matumbawe yaliyopondwa, yana makali kama kisu. Ukienda polepole gurudumu linazama, ukienda mbio linateleza. Pande zote mbili maweni matupu, mtama kidogo hapa na pale umepandwa kwenye vishimo vya udongo, na kuta za mawe walizopanga watu kuzuia nguruwe mwitu. Hakuna kivuli. Nasikia kila jiwe linavyogonga tairi. Kila likigonga nasema hili ndo lenyewe.

Karibu na Muyuni likawa lenyewe kweli. Pssss.

Nikaipindua baiskeli, nikatoa mpira wa ndani, nikakwaruza, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Tukapanda. Hatukwenda hata urefu wa kiwanja cha mpira, kiraka kimebanduka. Miaka kumi na moja nawaambia watu gundi ingojeni ikauke, leo mie mwenyewe sikungoja.

"Paka tena," Bwana Yusufali akasema. Kakaa juu ya jiwe, kafungua kitambaa chake cha mkate wa kumimina. "Halafu kaa hapa ule."

"Siwezi kula, Bwana. Jua liko kichwani."

"Ungekuwa mteja ningekwambia hivyohivyo. Kaa."

Nikakaa. Nakwambieni, sijawahi kuitazama gundi ikikauka kama nlivyoitazama siku ile.

Tukafika njia panda. Pale kuna mama kajitwisha mzigo wa mihogo. Nikamuamkia, nikamuuliza njia ya Kizimkazi.

"Kizimkazi ipi, baba? Dimbani au Mkunguni?"

Kumbe ziko mbili. Mwaka mzima nampenda mtu, namjua anavyokohoa, namjua anavyovuta ushungi akiona haya, na sijui kijiji chake ni kipi. Sikutaka Bwana Yusufali ajue. Nikasema, "Mkunguni," kwa kuwa njia yake ilionekana pana zaidi.

Tukafika Mkunguni adhana ya Ijumaa inatoka. Mzee Simai? Hapa hayupo, wakasema, huyo wa Dimbani, kule kwenye msikiti wa kale. Bwana Yusufali alikaa tu kwenye keria, akakunja tena kanzu yake. Afadhali angenitukana.

Dimbani tukawakuta watu wamo msikitini. Akashuka, magoti yake yakalia.

"Mie naingia kusali nao," akasema. "Nikitoka ntatoka na baba yake. Wewe ni msafiri, haikulazimu. Lakini usifanye upuuzi."

Na mie nikaenda moja kwa moja kufanya upuuzi.

Nyumba nliijua kwa harufu ya pilau. Nikapita nyuma na baiskeli yangu, nikasimama kwenye ua wa makuti, nikapiga kengele mara moja, ile kengele ya baiskeli. Mara moja tu. Ndani wanawake wanacheka, masufuria yanagongana. Halafu makuti yakasogea, nikamuona. Kakonda. Kavaa kanga mbili mpya, usoni kapauka kama mtu aliyetoka kuumwa.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja na mzee."

"Mzee gani?"

"Bwana Yusufali."

Akafumba macho kidogo. "Siku arobaini, Shamsi."

"Najua."

"Hujui. Mie ndo nliyezihesabu. Gari inatoka mjini kila siku, dereva jirani yetu. Nnapita na ndoo yangu, namtazama usoni nione kama ana neno. Hana. Kesho yake tena. Hana."

"Sikuwa na mtu wa kumtuma kwa baba yako."

"Sikusema kwa baba. Nimesema kwangu."

Nlikuwa nashika breki, naiachia, naishika.

"Walipokuuliza khabari ya Borafya," nikasema, "uliwajibu nini?"

"Nilinyamaza."

Nanyi mnajua. Mwari akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ndo kuridhia. Hatakiwi aseme, ni kwa sababu ya haya.

"Kwa nini, Kidawa? Si ungesema hutaki?"

Hapo akanikazia macho, na macho yale sijayasahau. "Wewe umenyamaza siku arobaini hakuna aliyekuuliza kwa nini. Mie nimenyamaza dakika moja unaniuliza. Ningekataa, wangenambia nani basi unayemtaka. Ningemtaja nani? Mtu ambaye hata salamu haleti?"

"Bwana Yusufali atawaomba wakuulize tena."

"Mbele ya wageni wa baba? Nimvunjie heshima ndani ya nyumba yake?"

"Nataka useme lililomo moyoni mwako."

"La moyoni mwangu nalijua. Lako ndo silijui." Sauti yake ikashuka. "Baba akikasirika, akikufukuza leo, wewe utakuwa wapi? Utarudi kukaa na baiskeli zako umenyamaza?"

"Ntakuja tena."

"Kwa hii?"

"Kwa hii."

Akaitazama baiskeli kutoka juu hadi chini, vumbi jeupe tupu. "Tairi ya nyuma haina upepo," akasema. Makuti yakarudi.

Sikujua kama lile ni ndiyo au la.

Wazee wakaja kutoka msikitini. Bwana Yusufali anatembea na Mzee Simai bega kwa bega, wanazungumza habari ya mawe ya msikiti. Nyuma yao wazee wa upande wa Borafya, na Mwalim Muhiddin aliyesalisha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Mzee Simai alikuwa mtu mrefu, mwembamba, macho yake hayana haraka. "Wewe ndiye Shamsi."

"Naam."

"Nimesikia umeanzia Mkunguni."

Nikainamisha kichwa. Wakavua viatu, wakaingia, mlango ukarudishwa. Mie nje, kama ada inavyotaka. Nikaipindua baiskeli nianze kazi, siipati hata valvu.

"Nikushikie gurudumu?"

Ni mtu wa makamo, kanzu safi imepigwa pasi, ndevu kazitengeneza. Kaja kukaa barazani na yeye.

"Ahsante."

"Umetoka mjini na hii? Njia ile? Na yule mzee nyuma?"

"Naam."

"Basi una shida kubwa." Akashika gurudumu vizuri, mikono imetulia. "Mie pia kukaa nje huku kunanichosha. Wazee wangu wako ndani wananisemea. Naitwa Borafya."

Nikakata mpira kwa kisu, nusura nikate kidole. Nlitaka awe mtu mbaya. Ningeshukuru kama angekuwa mtu mbaya. "Mie Shamsi," nikasema.

Jina langu alikuwa kashalisikia, nlimuona. Lakini gurudumu hakuliachia.

Ndani nikasikia sauti ya Mwalim Muhiddin: "Posa juu ya posa haifai, Bwana Yusufali. Huyu kashajibiwa."

Na ya Bwana Yusufali, ileile ya dukani: "Kweli, Mwalim. Mimi sikuja kuposa juu ya mtu. Nimekuja kuuliza. Fatiha imesomwa?"

"Bado."

"Binti aliulizwa mbele ya nani?"

Mzee Simai: "Mbele yangu na mama yake. Akanyamaza."

"Anaweza kunyamaza kwa ridhaa, anaweza kunyamaza kwa kilio. Mimi nimezika binti, Mzee Simai, nilimwoza bila ya kumsikiliza sana. Kijana huyu amekula nyumbani kwangu miaka kumi na moja. Kama binti hamtaki, leo hii namrudisha mjini na humuoni tena. Lakini aulizwe sisi tupo."

Sikujua kwamba alizika binti. Miaka kumi na moja.

Mlango wa ndani ukalia. Nikasikia Mwalim anasogea kwenye pazia, anasema jina la Kidawa, jina la baba yake, jina la Borafya. Kisha hakuna kitu.

Hakuna kitu. Jogoo anachakura chini ya mpapai. Borafya kalishika gurudumu, mie nimeishika pampu, hakuna anayepumua. Nikasema moyoni, sema, Kidawa. Sema chochote. Kila ukikaa kimya unaolewa.

Mwalim akauliza tena. Kimya kingine, na baada yake manong'ono nsiyoyaelewa. Halafu nikasikia watu wanasoma, wote pamoja, alhamdu lillahi, mpaka mwisho, na "amin" ile ndefu ya wazee.

Pampu ikaniponyoka.

"Wamesoma," nikasema.

"Wamesoma," Borafya akasema. Naye hakufurahi. Alikuwa anatazama mlango kama mimi. "Lakini ya nani?"

Mzee Simai akatoka mwanzo. Akamwendea Borafya, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Borafya, mwanangu, nisamehe. Mtoto kasema hataki. Kasema mara mbili, ya kwanza Mwalim hakumsikia. Tumesoma fatiha ya kutakiana kheri, watu waondoke na nyoyo safi."

Borafya akaweka gurudumu langu chini taratibu, akajipangusa vumbi kanzuni. "Hakuna neno, Mzee. Afadhali leo kuliko baada ya harusi." Akanipa mkono. Mkono wake baridi. Akawafuata wazee wake kwenye gari, na chakula hakukila.

Mzee Simai akanigeukia.

"Wewe usicheke."

"Sicheki, Mzee."

"Sikukupa mtoto. Leo nimeaibika mbele ya watu wa Makunduchi kwa sababu yako. Siwezi kukupa, siwezi hata kukuzungumzia. Unanisikia?"

"Naam."

"Kula kama una njaa, kisha ushike njia."

Bwana Yusufali akajitokeza mlangoni. Alikuwa anachechemea, kashika ukuta. Magoti yake, akasema, yamevimba, hawezi kupanda baiskeli leo, tena ile njia ya mawe. Mzee Simai akayatazama magoti. Mtu ni mgeni wake, ni mtu mzima, kasali ndani ya msikiti mmoja na yeye. Atamwambia nini?

"Utalala kwangu," akasema. Kisha akaongeza, "Hatuna kitanda kizuri."

"Mkeka unanitosha. Utanieleza na yale mawe ya msikiti."

Mpaka leo sijui kama magoti yale yaliuma kweli. Nimewahi kumuuliza, akanambia nikamalize kazi.

"Na mie, Mzee?" nikasema. "Nije lini kumchukua Bwana Yusufali?"

Mzee Simai akafikiri. Nlimuona anafikiri, mishipa ya shingo ikitembea. Ndani, nyuma ya pazia, kanga mpya ikasogea, ncha moja tu ya kanga, ikasimama.

"Mzee ni wako," akasema mwisho. "Unaniuliza mimi?"

Hakunambia nisije. Nikarudi mjini peke yangu. Vumbi, mawe, jua la laasiri usoni. Kila kitu kilichobaki kilikuwa ndani ya nyumba ile na mie sipo. Watazungumza nini? Bwana atamuudhi Mzee Simai? Kidawa atapigwa? Nikafika Jang'ombe miguu siisikii, nikatia tairi nyengine, nikajinyoosha kitandani, usingizi haukuja. Alfajiri haijapambazuka vizuri nlikuwa nshapita Tunguu, keria nimeifunga mto mpya, nakwenda kumchukua mzee wangu.